Betri Imelala Kwenye Boti ya Dagaa: Tafuta Ubovu Kabla Hujanunua Nyingine

Siku ya kwanza ya giza baada ya mbalamwezi, mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, huchangamka kwa namna yake. Wavuvi wamepumzika siku kadhaa, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawajali taa. Sasa nyavu zinapakiwa, petroli inamiminwa, betri zinatolewa vibandani na vumbi lake. Taa zinawashwa kujaribu, na hapo ndipo simu yangu inapoanza kulia.

"Fundi, betri imekufa. Tuliiweka ikiwa nzima kabisa!"

Haikuwa nzima. Asubuhi ile mliporudi kutoka ziwani mara ya mwisho ilikuwa imeshakamuliwa, na kwa kuwa kesho yake hakukuwa na safari, hakuna aliyeona haja ya kuichaji. Betri ya asidi ikikaa na njaa, sahani zake za risasi zinaota ukoko wa salfeti, na ukoko ukishakomaa hautoki. Betri nyingi za Kigoma hazifi ziwani. Zinafia nchi kavu, kwenye kona ya kibanda, wakati wenyewe wanacheza bao.

Ila si kila betri inayoitwa mfu imekufa kweli. Nimewahi kuona tajiri mmoja akinunua betri mbili mpya za N100 (yaani za ampea-saa 100 hivi) kwa mkupuo, na ubovu ulikuwa kwenye klempu ya waya iliyolegea. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio, uanze na zile zisizogharimu kitu. Nazungumzia betri za volti 12 za asidi, zile za N50, N70, N100 na N200 tunazobeba kwenye vipe na maboti ya mbao. Za lithiamu nitazigusa kwa kifupi mbele.

Vitu vya kuwa navyo

Mita ya kidijitali ndiyo macho yako, na hata ile ya bei ndogo inatosha. Jambo moja tu: betri ndogo iliyo ndani ya mita ikichoka, mita za rahisi hupandisha namba. Utasoma 12.9 ukafurahi, kumbe ni 12.1. Ibadilishe mapema.

Ongeza haidromita, kile kibomba cha kioo cha kupimia uzito wa asidi, chenye mpira wa kunyonyea na chelezo ndani. Halafu spana namba 10 na 12, msasa au brashi ya waya, grisi, chupa ya maji ya betri, na balbu ya taa kubwa ya gari, wati 55, iliyofungwa nyaya mbili. Balbu hiyo itakusaidia kuliko unavyodhani.

Kuhusu usalama nitasema machache, lakini usiyaruke. Betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Sigara iwe mbali, na dumu la petroli liwe mbali zaidi. Unapofungua anza na waya wa negativi, na unapofunga umalizie nao, ili spana ikigusa chuma upande wa positivi isipige shoti. Asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa.

Hatua ya 1: Tazama, shika, tikisa

Usikimbilie mita. Tazama kwanza kasha la betri. Likiwa limevimba ubavuni, limepata joto kali au limechajiwa kupita kiasi. Hiyo haina matengenezo. Likiwa na ufa na jasho la asidi, iondoe botini leo hii.

Sasa shika klempu na uizungushe kwa mkono. Ikizunguka, umepata mshtakiwa wa kwanza. Wengi hukata kipande cha bati la kopo na kukichomeka ili klempu ikaze. Kinakaza kweli, kwa wiki moja. Kisha unyevu na mvuke wa asidi vinaingia katikati, unga mweupe au wa kijani unaota, na umeme haupiti. Fungua, sugua kichwa cha betri na ndani ya klempu mpaka ving'ae, kaza, ndipo upake grisi kwa juu. Ukitanguliza grisi kabla ya kukaza umejiwekea kizuizi mwenyewe.

Kuna wanaosema Tanganyika ni maji baridi, si kama bahari ya Dar, kwa hiyo nyaya haziozi. Ni kweli kwamba chumvi ya bahari ina ukali kuliko ziwa letu, lakini nyaya zetu zinaoza vilevile. Menya waya uliokaa miaka miwili chini ya mbao zenye maji: nyuzi za shaba ni nyeusi kama masizi. Kata urudi nyuma mpaka ukutane na shaba nyekundu. Maungio yaliyosokotwa kwa vidole na kufungwa mfuko wa nailoni, yafanye upya yote.

Hatua ya 2: Pima betri iliyopumzika

Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Betri iliyotoka kwenye chaji sasa hivi inaweza kuonyesha 13 na ushei, na namba hiyo haina maana yoyote. Iache ikae saa nne au zaidi bila kuchajiwa wala kutumika. Ikilala usiku kucha ni bora. Kama huna muda, washa taa dakika tano, zima, ngoja dakika kumi, ndipo upime.

Weka mita kwenye volti za moja kwa moja, kipimo cha 20, na uguse kichwa chenyewe cha risasi, si klempu. Ukiona 12.6 au 12.7, imejaa. Kwenye 12.4 ina kama robo tatu. Kwenye 12.2 imebaki nusu, na kwenye 12.0 imebaki robo hivi. Chini ya 11.8 imelala, na kila saa inayoendelea kukaa hivyo inazidi kuharibika.

Namba ya kuiogopa ni 10.5 isiyopanda hata baada ya kuchajiwa usiku mzima. Ndani ya betri kuna seli sita, kila moja ina volti 2.1 hivi. Ukitoa moja kwenye 12.6 unabaki na 10.5. Maana yake seli moja imepiga shoti ndani na safari ya betri hiyo imeisha. Iuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, usiitupe ufukweni: risasi na asidi yake ni sumu kwa maji tunayokunywa.

Hatua ya 3: Fungua vizibo

Kwa betri zenye vizibo, maji yanapaswa kuzifunika sahani kwa kama sentimita moja. Yakipungua, ongeza maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Maji makali, yaani yenye asidi, huwekwa mara moja tu, betri ikiwa mpya. Fundi anayekuongezea maji makali kila mwezi ili "kuiamsha" anazila sahani zako. Vilevile usichote ziwani. Najua maji yetu ni meupe kiasi kwamba pale Bangwe unahesabu mawe chini, lakini yamejaa madini yasiyoonekana, na madini hayo yanaiua betri polepole.

Kama sahani ziko wazi, ongeza maji kiasi cha kuzifunika tu, chaji, kisha malizia. Ukijaza mpaka juu kabla ya kuchaji, maji yatapanda na kumwagika na asidi yake.

Baada ya kuchaji, nyonya kwa haidromita seli moja baada ya nyingine na uandike namba. Seli iliyojaa inasoma 1.265 hadi 1.280, iliyo nusu karibu 1.200, na chini ya 1.150 ni tupu. Ila cha kuangalia zaidi ni tofauti kati yao. Tano zikisoma 1.260 na moja 1.190, hiyo moja ndiyo inayozivuta wenzake chini. Chaji polepole kwa siku nzima na upime tena. Tofauti ikibaki zaidi ya 0.050, usiitegemee tena ziwani, labda kwa redio ya nyumbani.

Hatua ya 4: Ibebeshe mzigo

Betri nzee inaweza kuonyesha 12.6 na bado isibebe kitu, kama mtu aliyenenepa bila nguvu. Funga ile balbu ya wati 55, ambayo hula ampea 4.6 hivi, na utazame saa. N70 mpya iliyojaa inaibeba zaidi ya saa kumi. Yako ikishuka hadi 11.5 ndani ya saa tatu, ujazo uliobaki haufiki hata robo. Usibishane na balbu.

Kwa betri ya kuwashia injini, pima wakati stata inazungusha. Isishuke chini ya 9.6. Ikishuka nayo ilikuwa imejaa, ni betri. Ikibaki 12 na stata inatoa "tak" moja tu bila kuzunguka, betri haina kosa: hamia kwenye nyaya, rilei na stata yenyewe.

Hatua ya 5: Waya unaokula volti

Kipimo hiki mafundi wengi hawakifanyi, nacho ndicho kilichompa yule tajiri jibu akiwa ameshatoa pesa. Washa taa zote. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha positivi cha betri na ncha nyingine kwenye mwisho wa waya huohuo kule kwenye taa. Hupimi betri sasa, unapima kinachopotea njiani. Ukipata 0.2, sawa. Ukipata 1.0 au zaidi, ama waya ni mwembamba mno kwa urefu wake, ama kuna ungio bovu. Sogeza ncha ya mita ungio kwa ungio. Namba itakaporuka ghafla, hapo ndipo penye ugonjwa. Rudia upande wa negativi, maana watu huwa wanausahau.

Hatua ya 6: Chaji inafika?

Ikiwa betri imefaulu mitihani yote na bado asubuhi iko tupu, lawama inahamia kwenye chaji. Kwetu hapa chaji zinatoka njia tatu: paneli ya sola, injini, na kibanda cha kuchaji.

Paneli. Ing'oe kwenye kontrola, kile kiboksi kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, iweke juani, pima nyaya zake. Paneli ya kawaida ya mfumo wa volti 12, yenye vioo vidogo 36, inatoa volti 20 hadi 22 bila mzigo. Ukipata volti nzuri, usisherehekee bado, maana hata paneli chafu inatoa volti. Kinachojaza betri ni ampea. Hamisha waya wa mita kwenye tundu la 10A, uguse nyaya mbili za paneli moja kwa moja kwa sekunde chache. Paneli ya wati 100 kwenye jua la saa sita itoe karibu ampea 5 au 6. Ikiwa kubwa kiasi cha kupita ampea 10, usijaribu hivyo, utaunguza mita.

Ampea zikiwa chache, tazama kivuli. Wavu ulioanikwa ukafunika pembe moja, kinyesi cha ndege, magamba yaliyokauka: kioo kidogo kimoja kikiwa gizani, paneli nzima inalegea kwa sababu vioo vyote vimeungwa kwa foleni. Nimeona paneli inayooshwa kila Jumapili pale Katonga huku kamba ya kuanikia nguo ikipita juu yake. Kamba iliondolewa, shida ikaisha.

Kontrola. Betri ndiyo hufungwa kwanza, kisha paneli. Kufungua ni kinyume chake. Kontrola hutambua mfumo wa volti ngapi kwa kuisoma betri, na ukiipa volti 21 za paneli kabla haijaiona betri, nyingine huchanganyikiwa na nyingine huungua. Jua likiwa kali, pima kwenye vichwa vya betri: volti zipande taratibu hadi karibu 14.4, zikae, kisha zishuke hadi kama 13.6 betri inapojaa. Zikibaki 12 na ushei wakati paneli ina 21, basi kontrola au fyuzi yake ndiyo mbovu. Zikipita 15, inachemsha betri na maji yataisha upesi. Tena, maandishi ya "MPPT", aina ya kontrola inayovuna zaidi kwenye paneli, juu ya boksi la bei ya mtumba ni maandishi tu. Ndani mara nyingi ni PWM, ile aina rahisi ya kawaida. Inachaji, lakini usilipie zaidi.

Taa zikizimika zenyewe usiku wa manane, zikarudi baada ya muda, zikazimika tena, hiyo ni kontrola inayoilinda betri volti zikifika 11 hivi. Watu hukasirika, wakaunga taa moja kwa moja kwenye betri. Sawa, taa zitawaka mpaka asubuhi, na miezi michache baadaye utanunua betri.

Injini. Pima betri injini ikiwa imezimwa, tuseme 12.4. Washa, vuta mafuta kidogo. Namba ipande hadi 13.5 au zaidi, isipite 15. Isipopanda, anza na fyuzi, kisha soketi za nyaya chini ya kifuniko. Baada ya hapo, pima nyaya mbili zinazotoka kwenye koili kabla ya rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa AC wa koili kuwa wa moja kwa moja), mita ikiwa kwenye volti za AC. Kwenye Yamaha nyingi ni za kijani. Koili ikitoa volti zinazopanda na mwendo wa injini na betri haipati kitu, rektifaya imekufa. Kinachoziua zaidi ni kugeuza nyaya za betri gizani, au kuichomoa betri injini ikiwa inaunguruma. Na kabla ya yote hakikisha injini yako ina koili ya kuchajia, maana nyingi ndogo za kuwasha kwa kamba hazina kabisa. Kuna kijana nilimtafutia ubovu nusu siku kwenye injini isiyowahi kuchaji tangu izaliwe. Nusu siku ile sikumdai.

Kibanda. Uliza tu: inachajiwa kwa muda gani? N100 iliyolala haijai kwa saa mbili. Ikipewa moto mkali ili ikutoke haraka, inachemka, inatoa harufu ya yai viza, na unarudishiwa betri ya moto yenye ujazo wa juu juu. Ampea 10 kwa saa kumi hadi kumi na mbili ndiyo mwendo wake.

Hesabu ambayo hakuna anayetaka kuifanya

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Taa kumi za LED za wati 10 ni wati 100, yaani ampea 8.3. Zikiwaka saa kumi za usiku zinakula ampea-saa 83. N100 moja ukiitaka idumu usiitoe zaidi ya nusu, yaani 50. Tayari unahitaji mbili.

Mchana, paneli moja ya wati 100 ikipata saa tano za jua la nguvu inarudisha kama 27, na sehemu yake inapotea kwenye joto. Umetoa 83, umerudisha ishirini na kitu. Siku ya kwanza hutaona, ya pili hutaona, ya nne unanipigia simu kwamba umeuziwa betri feki. Kwa mzigo huo unahitaji paneli nne kwa uchache, na msimu wa mvua, kuanzia Novemba mawingu yanapotanda juu ya milima ya Kongo, hata hizo hazitoshi: ongeza kibanda au punguza taa.

Wenye betri za lithiamu, namba zangu za hatua ya 2 msizitumie. Ya volti 12 za lithiamu fosfeti ikiwa na 12.6 iko karibu kuisha. Iliyojaa na kupumzika inasoma 13.3 hivi. Ikionyesha sifuri ghafla, mara nyingi haijafa: saketi yake ya ulinzi imejifunga. Ipe chaja yake yenyewe na itafunguka.

Hatua ya 7: Anayekunywa usiku

Betri inajaa, hakuna kilichowashwa, asubuhi imepungua. Zima vyote, fungua waya wa negativi, weka mita kwenye 10A kati ya waya huo na kichwa cha betri. Isizidi 0.05. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Mwizi huwa ni redio, tundu la kuchajia simu, au pampu ya kutoa maji yenye swichi ya chelezo iliyokwama. Usiguse stata mita ikiwa hapo, fyuzi ya mita itaruka.

Kabla ya hapo, pangusa mgongo wa betri. Uchafu wenye unyevu wa asidi unatosha kuunganisha positivi na negativi kimyakimya. Maji yenye magadi kidogo yanausafisha vizuri, vizibo vikiwa vimekazwa.

Mbalamwezi, na ziwa likifungwa

Siku ya mwisho ya giza, kabla hujalala, chaji betri mpaka ijae kabisa, uchomoe nyaya, uiweke kivulini. Ikae juu ya sakafu au ubao, haidhuru. Ile hadithi ya saruji "kunyonya umeme" ni ya betri za zamani zenye makasha ya mbao na mpira. Kwa mapumziko ya wiki moja inatosha.

Mapumziko marefu ni habari nyingine. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, betri zilikaa miezi mitatu, na waliozisahau walizikuta mawe. Kwa muda kama huo pima kila wiki mbili na uchaji ikifika 12.4. Kama una paneli na kontrola nzima, iache imeungwa na utazame maji tu. Kiangazi cha miezi hiyo kina jua la kutosha.

Ukiwa katikati ya ziwa

Taa zinafifia saa nane usiku, nchi kavu haionekani. Zima taa zote ila moja, ili ibaki akiba ya kuonekana na maboti ya mizigo. Kaza klempu kwa mkono, zungusha, jaribu tena. Betri ikiwa tupu na injini ina kamba, vuta kamba. Yamaha nyingi ndogo zinawaka bila betri.

Kama chombo cha jirani kinakubusti, fungua vifuniko upepo upite chini ya mbao, funga positivi kwa positivi, na waya wa mwisho wa negativi uuguse kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri na mbali na tangi. Cheche itatokea hapo, siyo juu ya gesi. Injini ikiwaka, fungua kwa mpangilio wa kinyume na usiizime mpaka Kibirizi.